Ukomazaji wa Tangi la Samaki

Ukomazaji wa tangi ni mchakato wa wiki kadhaa ambao katika muda wake tangi jipya la samaki hujenga jamii ya bakteria wenye uwezo wa kugeuza sumu itokayo kwa samaki wenyewe kuwa kitu wanachoweza kukistahimili. Wafugaji wanaotumia Kiingereza huuita kwa neno lenye maana ya kuzungusha, lililokatwa kutoka katika jina refu la mzunguko wa nitrojeni, na anayelitafsiri kuwa "kuzungusha tangi" humpeleka msomaji kwenye pampu, akaamini kwamba maji yakizunguka usiku na mchana kazi imekwisha. Kosa hilo huua samaki, na kwa mfugaji wa Midia, katika Wilaya ya Koboko, ambaye samaki aliyemzoea sokoni ni angara aliyekaushwa au kutiwa chumvi kuliko samaki hai, na ambaye huenda hana kifaa cha kupimia maji, istilahi yenyewe inapaswa kumweleza jambo la kufanya.

Samaki huondoa sehemu kubwa ya nitrojeni isiyohitajika mwilini kwa njia ya mashavu, ikiwa katika umbo la amonia, nayo mabaki ya chakula yanayooza chini ya tangi huongeza amonia zaidi. Majini amonia huwa na sura mbili zinazobadilishana: amonia yenyewe, ambayo hupenya mashavu na kuunguza, na amoniamu, ambayo madhara yake ni madogo sana. Kinachoamua ni sura ipi itawale ni joto na, zaidi ya hapo, kipimo cha pH, yaani kiwango cha uasidi au ualikali wa maji. Katika maji yenye nyuzi 25 za Selsiasi, pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia moja ya jumla. pH ikipanda hadi 8 hufikia karibu asilimia 5, na kwenye 9 huzidi theluthi moja. Ndiyo maana matangi mawili yenye uchafu ulio sawa yanaweza kutofautiana, moja likaua samaki wote na jingine lisionyeshe dalili yoyote, huku maji ya yote mawili yakiwa maangavu kabisa.

Bakteria wa kundi la Nitrosomonas huila amonia na kutoa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kwa kuwa huingia katika damu na kuigeuza himoglobini isiweze kubeba oksijeni, hata damu ya samaki ikawa ya rangi ya kahawia na samaki akatweta juu ya maji ambayo hayakupungukiwa na hewa. Chumvi kidogo ya kawaida husaidia hapa, kwa sababu kloraidi iliyomo hushindana na nitriti kuingia kwenye mashavu. Kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Sergei Winogradsky ndiye aliyewatenga bakteria hao wa nitrojeni mnamo 1890, na kwa miaka mingi vitabu vya ufugaji viliitaja Nitrobacter kuwa mtendaji wa hatua ya pili, mpaka uchunguzi wa matangi yenyewe mwishoni mwa karne ya 20 ulipoonyesha kwamba kazi hiyo hufanywa zaidi na Nitrospira.

Bakteria hao huzaana polepole mno: wakati wale wa kuozesha huweza kuongezeka maradufu katika muda usiofika saa moja, hawa huhitaji saa nyingi, pengine siku nzima. Kwa hiyo tangi huchukua wiki nne hadi sita, amonia ikipanda kwanza, nitriti ikifuata, na samaki wengi wa mfugaji mgeni hufa katikati ya vilele hivyo viwili. Anayeosha changarawe na chujio kwa maji ya bomba yenye klorini kila aonapo utelezi huwaondoa walewale anaowahitaji. Anayeomba kipande cha sifongo kutoka tangi la zamani hupunguza muda huo sana.

Neno "mzunguko" lina udhaifu mwingine unaogusa sayansi yenyewe. Katika bwawa la udongo, matope yasiyo na oksijeni huwa na bakteria wanaorudisha nitrojeni hewani, hivyo duara hukamilika. Katika tangi la kioo safari huishia, kwa sehemu kubwa, kwenye nitrati, ambayo hujilimbikiza mpaka mtu abadilishe sehemu ya maji au mimea iifyonze. Mzunguko wa nitrojeni na ubaki jina la jambo la kimaumbile, katika udongo, ziwa na bwawa. Kati ya maneno mengine, "kupevusha" limekwisha kuzoeleka katika habari za uzazi, na "kuivisha" huleta fikra za moto na jiko. "Kukomaza" hutaja ukuaji na muda pamoja, na hutupatia bila taabu "tangi changa" na "tangi lililokomaa".

Chanzo cha maji nacho kina neno lake. Maji ya mvua yanayokingwa kutoka mabatini hayana madini ya kutosha kuzuia uasidi, na kwa kuwa kazi ya bakteria yenyewe huzalisha asidi, pH huweza kushuka mpaka wakaacha kufanya kazi. Maji ya kisima cha pampu mara nyingi hutoka na oksijeni kidogo, nayo ya bomba huachwa wazi kwa siku moja ili klorini itoke. Kambare, ambaye hupumua pia hewa ya juu, humpotosha mgeni zaidi kuliko ngege, maana hubaki hai katika maji mabovu ilhali mashavu yake yanaendelea kuungua. Tangi huhesabiwa kuwa limekomaa pale amonia na nitriti zinapokuwa sifuri ingawa samaki wanalishwa kila siku, na nitrati ikaonekana.