Kumtabiri Mteuzi, Kumtabiri Mchezaji: Hoja Kuhusu Uteuzi wa Chipukizi wa NBA

Kila mwaka, miezi kadhaa kabla ya ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, kufanya uteuzi wake wa wachezaji chipukizi, watabiri hutoa orodha: nani atachaguliwa wa kwanza, nani wa kumi, nani ataachwa kabisa. Usiku wa uteuzi unapopita, orodha hizo hulinganishwa na matokeo, na aliyelenga majina mengi husifiwa kwa kuwajua vijana. Sifa hiyo si yake. Alichokijua ni nia za mameneja wa timu 30. Mtu anayebashiri ni mgombea yupi atapitishwa na kamati ya chama anaweza kupatia kila mwaka bila kujua lolote kuhusu namna mgombea huyo atakavyoongoza wilaya. Makala haya yanadai kwamba maswali haya mawili, nani atachaguliwa na nani atafaulu, ni ya aina tofauti, na kwamba kuyachanganya kumewaumiza zaidi vijana wanaotoka mahali ambapo kumbukumbu za michezo hazitunzwi, wakiwamo wa kwetu Afrika Mashariki.

Utaratibu wenyewe hauna fumbo. Uteuzi una raundi mbili, na kwa kawaida nafasi ni 60. Timu zilizofanya vibaya hutangulia, lakini tangu 1985 mpangilio wa juu huamuliwa kwa bahati nasibu ili timu zisipoteze mechi makusudi. Kanuni zilizoanza kutumika 2019 zinazipa timu tatu za mkiani nafasi sawa ya asilimia 14 kila moja ya kuchagua kwanza. Mwaka 2025 Dallas Mavericks waliipata nafasi hiyo wakiwa na asilimia 1.8 tu, wakamchukua Cooper Flagg. Kwa hiyo utabiri wowote unaotaja jina la timu kabla ya bahati nasibu kuchezeshwa mwezi Mei umejengwa kwa sehemu juu ya sadfa, hata mtabiri awe hodari kiasi gani.

Baada ya hapo kazi huwa nyepesi, kwa sababu wateuzi wote hutazama vitu vilevile. Wachumi David Berri, Stacey Brook na Aju Fenn walichunguza jambo hili katika makala yaliyochapishwa 2011. Walionyesha kwamba wachezaji wa vyuo hupanda katika orodha kwa pointi wanazofunga, kwa kimo ukilinganisha na nafasi wanazocheza, kwa umri mdogo na kwa timu zao kufika nusu fainali za taifa. Walionyesha pia jambo zito zaidi: mengi ya yanayompandisha kijana siku ya uteuzi hayahusiani na anachokuja kuzalisha uwanjani akishaingia NBA. Nusu fainali ni mfano ulio wazi. Mechi moja au mbili za mwezi Machi, zinazotazamwa na nchi nzima, humwongezea kijana thamani sokoni ilhali uwezo wake ni uleule aliokuwa nao Februari.

Wiki ya mwisho utabiri hugeuka kuwa uandishi wa habari. Mawakala huzungumza, vijana huitwa mazoezini na timu, na mwandishi mwenye simu nyingi humshinda mwenye modeli bora ya takwimu. Timu ikinyamaza, watabiri karibu wote hukosea kwa pamoja. Mwaka 2013 Cleveland walimchagua kwanza Anthony Bennett wakati wengi walimtarajia Nerlens Noel, aliyekuwa ameumia goti na akashuka hadi nafasi ya sita. Mwaka 2022 jina lililotajwa karibu kila mahali lilikuwa Jabari Smith. Orlando wakamtangaza Paolo Banchero. Makosa ya namna hii hayatuelezi chochote kuhusu ubora wa Noel au Smith. Yanatueleza kwamba siri ilitunzwa.

Tuje sasa kwa mfano ulio karibu nasi, na nitaukalia kwa muda kwa sababu unabeba karibu hoja yote.

Juni 25, 2009, Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam katika nafasi ya pili. Alikuwa na kimo cha sentimita 221, na alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika ngazi hiyo. Alianza kucheza kikapu akiwa tayari kijana, akaenda Marekani kusoma sekondari, kisha akacheza misimu mitatu katika Chuo Kikuu cha Connecticut. Msimu wake wa mwisho alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kwa kila mechi. Alikuwa mlinzi bora wa ligi ya Big East kwa miaka miwili mfululizo, na timu yake ilifika nusu fainali ya taifa 2009. Ukiusoma wasifu huu sambamba na matokeo ya Berri na wenzake, unaona kwamba karibu kila kinachowavuta wateuzi kilikuwapo. Kumtabiri Thabeet katika nafasi za juu hakukuhitaji ujuzi wa pekee.

Lakini heshima ya mchezaji bora wa Big East mwaka huo hakuipata peke yake. Aligawana na DeJuan Blair wa Pittsburgh, mtu mwenye kimo cha takriban mita mbili, aliyecheza palepale chini ya kikapu alipocheza Thabeet. Februari 2009, Connecticut wakiwa wanashika namba moja nchini, timu hizo zilikutana. Blair alifunga pointi 22, akachukua ribaundi 23, na Pittsburgh wakashinda. Siku ya uteuzi Blair aliachwa hadi nafasi ya 37, ndipo San Antonio Spurs wakamchukua. Timu ziliogopa kimo chake, na zaidi ziliogopa magoti yake, ambayo baada ya upasuaji wa enzi za sekondari yalikuwa hayana tena kano zake za mbele. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Hata hivyo Blair alicheza mechi zote 82 za msimu wake wa kwanza, kwa wastani wa pointi 7.8 na ribaundi 6.4. Thabeet alipata pointi 3.1 na ribaundi 3.6, na Februari 2010 Memphis walimpeleka ligi ya maendeleo, iliyo ngazi ya chini ya NBA. Hadi wakati huo hakuna aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyekuwa amewahi kupelekwa huko.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika kila kisa cha Thabeet kinaposimuliwa. Alipowasili Memphis, senta wa timu alikuwa tayari yupo: Marc Gasol, Mhispania aliyechaguliwa na Lakers 2007 katika nafasi ya 48. Gasol alikuja kuwa mlinzi bora wa NBA mwaka 2013. Daryl Morey, aliyekuwa meneja mkuu wa Houston Rockets, alimweleza mwandishi Michael Lewis, katika kitabu kilichotoka 2016, kwamba modeli yao ya takwimu ilimpenda Gasol, lakini picha iliyomwonyesha kifua wazi, akiwa mnene, ilizaa jina la utani ofisini, na jina hilo likaizima modeli. Basi katika timu moja, kwenye nafasi moja ya uwanja, kulikuwa na mtu ambaye mwili wake ulimshusha hadi 48 na mtu ambaye mwili wake ulimpandisha hadi 2. Nyuma ya Thabeet, katika uteuzi uleule, walifuata James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Kila mmoja wao alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi nzima.

Sisemi haya kumdhalilisha Thabeet. Kijana aliyechelewa kuanza mchezo na akacheza NBA misimu mitano, katika timu nne, amefanya kazi ambayo Mtanzania mwingine hajaifanya. Lawama ninaielekeza kwenye kipimo. Sentimita 221 zilipimwa kwa usahihi kamili. Kilichopaswa kupimwa, yaani kasi ya kujifunza ya mtu aliyeujua mchezo kwa miaka michache tu, hakikuwa na rula, kwa hiyo nafasi yake ikachukuliwa na kile chenye rula. Hali hii huonekana kila mwaka kwenye kambi ya vipimo ya Chicago, ambako wanapima kimo bila viatu, urefu wa mikono iliyonyooshwa na mruko. Mwaka 2007, kwenye kambi kama hiyo, Kevin Durant, aliyekuja kuwa nyota wa NBA, alishindwa kuinua hata mara moja uzito wa kilo 84 uliowekwa kama jaribio la nguvu. Leo hakuna mtaalamu anayeweza kuonyesha kwamba jaribio lile lilisema chochote cha maana kumhusu.

Msomaji makini atapinga: je, wateuzi si watu wenye fedha nyingi hatarini, wanaojua kazi yao? Pingamizi hili lina uzito, na mji wa Lubumbashi, nchini Kongo, unatupa kipimo chake. Bismack Biyombo, mzaliwa wa mji huo, alicheza Aprili 2011 katika mechi ya chipukizi wa dunia jijini Portland. Alipata pointi 12, ribaundi 11 na akazuia mitupo 10. Miezi miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 18, alichaguliwa wa saba. Oscar Tshiebwe, wa mji uleule, alikuwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani mwaka 2022 akiwa Kentucky, kwa wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1. Mwaka 2023 majina yote yalisomwa, lake halikutajwa. Alikuwa na miaka 23, na alionekana mfupi kwa nafasi anayocheza.

Mtu anaweza kukasirika, nami nilikasirika: mechi moja imeshinda msimu mzima? Lakini ukitazama yaliyofuata, Biyombo amedumu NBA zaidi ya misimu kumi kama mlinzi wa kutegemewa, na Tshiebwe ilimbidi apitie mkataba wa njia mbili, unaomgawa mchezaji kati ya NBA na ligi ya maendeleo. Hapa wateuzi hawakukosea sana. Umri ni kipimo cha kweli; anayetawala akiwa na miaka 18 ana ngazi nyingi mbele yake kuliko anayetawala akiwa na 22. Kwa hiyo sidai kwamba wateuzi ni vipofu. Ninadai kwamba wanapopatia na wanapokosea, orodha ya utabiri huonekana ileile. Thabeet na Biyombo wote walitabiriwa vizuri, na orodha haikuwa na namna ya kutuambia yupi kati yao angedumu.

Zaidi ya hapo, uteuzi huyachafua matokeo ambayo tungeyatumia kuukagua. Barry Staw na Ha Hoang walichapisha mwaka 1995 utafiti kuhusu wachezaji waliochaguliwa miaka ya 1980. Walikuta kwamba aliyechaguliwa juu hupewa dakika nyingi zaidi uwanjani, huuzwa mara chache na hudumu zaidi kwenye ligi, hata ukishazingatia jinsi anavyocheza. Timu iliyotumia nafasi ya thamani haitaki kukiri hasara. Colin Camerer na Roberto Weber walirudia uchunguzi huo 1999 kwa mbinu kali zaidi. Athari ilipungua lakini haikutoweka. Maana yake kwa mtafiti ni nzito. Tukihesabu miaka ya kazi au dakika za kucheza kama ushahidi kwamba uteuzi ulikuwa sahihi, sehemu ya ushahidi huo imezalishwa na uteuzi wenyewe. Aliyechaguliwa chini, tuseme nafasi ya 41, hawekewi subira ya namna hiyo. Nikola Jokić, aliyechaguliwa na Denver katika nafasi hiyo mwaka 2014, alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi mara tatu, 2021, 2022 na 2024, lakini hatujui ni wangapi waliokuwa na kipaji cha kati ambao walikosa dakika za kukionyesha.

Utabiri unaostahili jina la elimu basi uanze kwa kutaja swali lake. Ukihusu wateuzi, upimwe usiku uleule, na usidai zaidi. Ukihusu mchezaji, utolewe kwa uwezekano badala ya namba moja ya nafasi, na usubiri miaka minne au mitano kabla ya kupimwa, kwa kipimo kisichotegemea dakika alizopewa. Magazeti hayatapenda masharti haya. Majarida ya kitaaluma hayana udhuru wa kuyakwepa.

Kwa upande wetu kuna jambo la kufanya ambalo halihitaji ruhusa ya makao makuu ya NBA huko New York. Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe nchini Uganda, alianza kikapu 2019. Kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Duke alikuwa ameshacheza misimu mitatu katika Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, pamoja na Kombe la Dunia 2023 na Olimpiki ya Paris 2024. Mwaka 2025 alichaguliwa wa kumi, na haki zake zikaenda Phoenix Suns. Ni mapema mno kumhukumu. Lakini tofauti na Thabeet alipokuwa na umri wake, Maluach aliwafikia wateuzi akiwa na miaka ya mechi zilizoandikwa: dakika, makosa, ribaundi, mitupo iliyoingia na iliyokosa. Aliyetaka kumjua kwa zaidi ya kimo alikuwa na pa kuanzia.

Jonathan Kuminga, mchezaji mwingine wa NBA, alitoka Goma, Thabeet Dar es Salaam, Biyombo na Tshiebwe Lubumbashi. Vijana wengine wa miji hii wanacheza jioni ya leo katika mashindano ya shule na ya mikoa ambayo karatasi zake za matokeo, zikijazwa, hutupwa mechi ikiisha. Mashirikisho ya kikapu ya Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi, Rwanda na Kongo yaweke sharti kwamba kila mechi rasmi ya vijana iwe na mwandishi wa takwimu aliyefunzwa, umri wa kila mchezaji uthibitishwe, na kumbukumbu zihifadhiwe mahali ambapo kocha, mzazi na mtafiti wanaweza kuzisoma. Kazi hii inaweza kuanza msimu ujao.