Ule Uongo wa 2003 Ulinipata Hata Mimi

Wengi wetu tukisema "poka" tunamaanisha ile ya shule: unapigwa na mbili, unaokota, na ukikaribia kumaliza unatangaza "niko kadi!" Leo siongelei hiyo. Naongelea ile ya Las Vegas, tena dakika zake za mwisho, wakati wachezaji wengine wote wametoka na wamebaki wawili wanaangaliana.

Niliipenda kupitia klipu moja. Mwaka 2003, watu 839 waliingia shindano kuu la dunia pale Binion's Horseshoe. Kiti kimoja kilikuwa dola 10,000. Mmoja wao alikuwa Chris Moneymaker (ndiyo, ni jina lake halisi), mhasibu wa miaka 27 kutoka Tennessee, ambaye safari ya kupata kiti chake ilianza na mchuano wa mtandaoni wa dola 86. Mwishoni akabaki na Sam Farha, mzee wa kazi aliyezoea meza za pesa kubwa.

Sasa klipu yenyewe. Moneymaker ana Kingi na saba. Karata tano za mezani zinaisha kufunguliwa na hana kitu, hata jozi. Farha ana jozi ya tisa. Moneymaker anasukuma kete zake zote katikati. Farha anafikiria weee, halafu anatupa karata. Baadaye Moneymaker akawa bingwa, dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata waliingia watu 2,576, na 2006 wakafika 8,773. Kila msee alijiona Moneymaker.

Na mimi pia. Nikiwa mwaka wa pili campo nilifungua akaunti, nikaingia meza za watu wawili na shilingi 6,000 ya kodi ya hosteli. Nilikuwa nasukuma kete zote kila nikikosa karata, nikijiambia ni roho ngumu tu. Usiku mmoja ilitosha. Nililala sakafuni kwa beste yangu wiki tatu, na mathee hadi leo anajua "hosteli ilikuwa inapakwa rangi."

Nilichokosa kuona ni hiki. Mezani kulikuwa na shupaza tatu. Mtu mwenye shupaza mbili mkononi angekuwa amemmaliza Farha, na vile Moneymaker alivyoweka pesa tangu mapema ilifanana na mtu kama huyo. Uongo wake ulikuwa na hadithi nyuma yake. Wangu ulikuwa kelele.

Tena mkiwa wawili mchezo unabadilika kabisa. Kila mkono, mmoja anaweka pesa ndogo na mwingine kubwa kabla ya kuona karata. Ukikaa kungoja Asi mbili, kete zinaisha polepole. Lazima ucheze karata za wastani, na jozi ya tisa inageuka mali. Halafu anayegawa ndiye anayeamua wa mwisho karata za mezani zikianza kufunguka, kwa hivyo anaona mwenzake amefanya nini kwanza. Hapo ndipo pesa nyingi hutoka, na mimi hata sikuwa naangalia ni zamu ya nani.

Rudi nyuma hadi 1988. Johnny Chan, bingwa wa 1987, alikuwa na Erik Seidel. Chan alikuwa ameshapata karata tano zinazofuatana. Akanyamaza. Seidel, na jozi yake ya Kwini, akasukuma kila kitu mwenyewe. Hakuna roho ngumu hapo. Ni subira, na kumjua aliye mbele yako.

Halafu ikaja 2017. Chuo kikuu cha Carnegie Mellon kilitengeneza programu inayoitwa Libratus, wakaileta Pittsburgh icheze na wataalamu wanne, kila mmoja peke yake dhidi yake. Siku 20, mikono 120,000. Mchana wataalamu walitafuta udhaifu wake, usiku kompyuta ilikuwa inaziba mianya ileile. Mwisho iliwaacha kwa zaidi ya dola milioni 1.7 za kete. Haina uso wa kusoma, haichoki, na haina kodi ya kulipa. Na ilidanganya kuliko wao, kwa hesabu.

Na mimi usiku ule nilikuwa nacheza na nani? Jina la utani kwenye skrini. Sikujua kama ni mtu.

Sisemi Moneymaker alibahatisha tu. Nasema klipu inakuonyesha mkono mmoja wa mtu mmoja. Watu 838 wengine wa mwaka ule hawakutoka na taji, na kila mmoja alikuwa na roho pia. Ukitaka kujifunza poka ya wawili, cheza na beste yako, kete ziwe njugu, uone utadumu dakika ngapi.

Kodi ilipe kwanza. Na mathee, kama unasoma hii, pole. Hakukuwa na rangi.