Jokofu kuukuu: kutengeneza au kununua jipya?

Jokofu linaloanza kunguruma kutwa kucha na kumwaga maji sakafuni huzua swali ambalo Mombasa au Mwanza halina mjadala mrefu: huitwa fundi. Mjini London ni vingine. Malipo ya kumwita fundi aje kutazama tu yanaweza kula sehemu kubwa ya bei ya jokofu jipya, na kwa sababu hiyo wengi hukimbilia dukani bila kujua hasa kilichoharibika.

Pengine hawakuhitaji kwenda. Mpira wa mlango uliolegea, kwa mfano, hupimwa kwa kipande cha karatasi kinachobanwa mlangoni; kikivutwa na kutoka bila ukinzani wowote, baridi inapotelea hapo. Vumbi lililoganda kwenye koili za nyuma hulifanya jokofu lihangaike bure, na dawa yake ni brashi, baada ya kuchomoa waya wa umeme. Kidhibiti joto, feni na taa navyo ni vipuri vya bei nafuu.

Kompresa iliyokufa ni habari nyingine. Vivyo hivyo gesi inayovujia ndani ya kuta, kwa kuwa kuta hizo zimejazwa povu gumu na bomba lililotoboka humo halifikiki bila kulibomoa jokofu lenyewe. Kujaza gesi bila kuziba tundu ni kutupa fedha.

Kanuni zilizoanza kutumika Uingereza mwezi Julai 2021 zinawataka watengenezaji wa majokofu mapya kuhakikisha vipuri kadhaa vinapatikana kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni, na mipira ya milango kwa miaka 10. Baadhi huuzwa kwa mafundi tu. Kompresa haimo katika orodha hiyo, jambo linalopunguza uzito wa kile kilichosifiwa kuwa haki ya kutengeneza.

Hesabu ya umeme nayo ina nafasi yake. Tuchukue mfano wa jokofu kubwa la zamani linalotumia uniti 500 kwa mwaka, na jipya linalotumia 200. Kwa bei ya pensi 25 kwa uniti, tofauti ni pauni 75 kila mwaka. Jokofu jipya la pauni 350 litajilipia gharama yake baada ya takriban miaka mitano. Lakini ikiwa la zamani linatumia uniti 260 tu na linadai mpira wa pauni 40, kulitupa ni hasara. Kifaa kidogo cha kupimia umeme, kinachochomekwa ukutani, humaliza ubishi huo kwa wiki moja.

Mpangaji atazame kwanza mkataba wake. Kwa kawaida jokofu lililowekwa na mwenye nyumba hutengenezwa na mwenye nyumba.

Usalama

Tarehe 14 Juni 2017, moto ulianzia kwenye jokofu la jikoni katika ghorofa ya nne ya jengo la Grenfell, magharibi mwa London. Watu 72 walikufa, wakiwemo wenye asili ya Pembe ya Afrika. Uchunguzi rasmi ulieleza kwamba vifuniko vya nje vya jengo ndivyo vilivyousambaza moto, na kwamba aliyekuwa akiishi katika nyumba hiyo hakuwa na lawama yoyote. Hata hivyo, harufu ya kuungua, au fyuzi inayokatika mara kwa mara, si mambo ya kusubiri mwisho wa mwezi. Jokofu la namna hiyo huchomolewa mara moja, na namba ya modeli yake hutafutwa katika orodha ya serikali ya bidhaa zilizorejeshwa viwandani.

Uharaka huo huwahusu pia wenye kisukari. Insulini ambayo haijaanza kutumika huhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na jokofu linaloyumba huiharibu bila kuonyesha dalili.

La zamani liende wapi?

Plagi ya pini tatu ya Uingereza inaingia katika soketi za Nairobi na Kampala, na wazo la kulipakia jokofu kwenye kontena la kwenda nyumbani ni la miaka mingi. Majokofu yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 mara nyingi yana gesi za CFC, zinazoharibu tabaka la ozoni na kudhibitiwa na Mkataba wa Montreal wa 1987. Kibandiko cha nyuma huandikwa R12. Sheria ya Ulaya ilipotaka gesi iliyo ndani ya povu nayo iondolewe, Uingereza haikuwa na mitambo ya kutosha, na mwaka 2002 majokofu yalirundikana kama vilima.

Leo, kusafirisha jokofu bovu kutoka Uingereza kwenda Afrika Mashariki ni kusafirisha taka zenye madhara, na ni kosa. Uganda ilitangaza katika bajeti yake ya mwaka 2009 kuzuia uingizaji wa majokofu yaliyotumika, hata yale yanayofanya kazi. Anayetaka kumsaidia mama yake huko kijijini ni afadhali atume fedha anunue jipya la dukani, lenye dhamana na fundi wa karibu.

London, halmashauri nyingi huyachukua majokofu mlangoni kwa ada, na duka linaloleta jipya mara nyingi huondoka na la zamani iwapo mteja ataomba wakati wa kununua.