Michezo ndani ya maktaba: si jambo la jana

Bandugu, kila siku tunasikia: "Vijana ba siku hizi habasomi, bako tu kwenye play." Halafu mtu akiambiwa kwamba Marekani maktaba zinaalika vijana kuja kucheza michezo ya video, anashangaa. Maktaba si nyumba ya vitabu? Tuangalie historia kidogo.

Mwaka 1854, mjini San Francisco, chama kilichoitwa Mechanics' Institute kilianzishwa. Kilikuwa na maktaba pamoja na klabu ya sataranji, mchezo ule wa mfalme na malkia. Klabu hiyo iko hadi leo.

Mwaka 1889, Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, alifungua maktaba yake ya kwanza ya Marekani kule Braddock, Pennsylvania. Ndani mlikuwa vitabu, lakini pia meza za biliyari, na chini kabisa mahali pa kuoga kwa wafanyakazi wa kiwanda. Juu ya nini? Mtu aliyetoka kupiga kazi masaa 12, amejaa moshi na jasho, hawezi kukimbilia kitabu. Aoge kwanza, apumzike, njo afungue kitabu.

Ubishi haukukosa. Wakati ule wakubwa wengi wa maktaba waliona hata riwaya ni upuuzi wa kupoteza muda. Leo riwaya njo tunalilia vijana wasome!

Tufike sasa mwaka 2004, mjini Ann Arbor, Michigan. Maktaba za kule zilijua shida moja: mtoto anakuja kusikiliza hadithi akiwa mdogo, akifika sekondari anapotea. Maktaba ya Ann Arbor ikaanzisha mashindano ya Mario Kart. Eli Neiburger, mmoja wa waliyoyaendesha, akaandika kitabu juu ya kazi hiyo mwaka 2007. Tarehe 15 Novemba 2008, chama cha maktaba za Marekani kikaweka siku ya michezo kwa nchi nzima, na baadaye ikavuka mipaka.

Tusidanganyane: manete peke yake haifundishi mtu kusoma. Mchezo unamleta kijana tu. Kazi inayobaki ni ya mtu wa maktaba: kumjua kwa jina, kumuuliza anapenda nini, kumwonyesha rafu.

Na sisi? Kwenye makartiye yetu kijana analipa pesa yake kucheza play, na pale hakuna wa kumwonyesha kitabu hata kimoja. Kwenye maktaba ya parokia au ya shule kuna vumbi na kimya. Hatuna kuran ya kutosha, sawa. Lakini dame inachezwa na ubao pamoja na vifuniko vya chupa, bila kuran.

Sisi tuliopata diplome tuache kwanza kulaumu wadogo zetu. Maktaba ya karibu na kwako iko wazi saa ngapi, na nani anaingia mule? Tuandikieni.