Mkunazini Inaanzia Kabambare

Abiria wa meli kubwa za kitalii wanaposhuka bandarini Malindi, Unguja, huwa na saa chache tu za kuutembea Mji Mkongwe kabla meli haijang'oa nanga, na ni nadra saa hizo kwisha bila wao kufikishwa Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana. Wanachoelezwa huko ni habari iliyonyooka. Hapa palikuwa na soko la watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash bin Said, akitishiwa na manowari za Waingereza, akalifunga. Wamisionari wakajenga kanisa juu ya kiwanja kile kile, na madhabahu yakawekwa mahali panaposemekana uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Ulikuwapo utumwa, likaja kanisa, ukafuata uhuru. Habari hiyo ina ukweli wake kwa Unguja, lakini kwa Maniema ya kusini, mashariki mwa Kongo ya leo, kwa Kasongo na Kabambare, ni pungufu mno. Ushahidi uliosaidia kulifunga soko la Mkunazini ulitoka Maniema, na Maniema yenyewe haikuonja nafuu ya kufungwa kwake. Mwaka unaokumbukwa kanisani kama mwisho ulikuwa, huko bara, karibu na mwanzo wa miaka mizito kuliko yote.

Jengo lenyewe linastahili sifa linazopewa. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873, miezi sita na ushei baada ya mkataba wa kulifunga soko wa tarehe 5 Juni. Askofu Edward Steere, ambaye wasomi wa Kiswahili bado wanamkumbuka kwa kazi yake ya sarufi na tafsiri, aliusimamia ujenzi huo, na alipofariki mwaka 1882 akazikwa nyuma ya madhabahu. Kuta ni za mawe ya matumbawe, paa ni kuba refu la zege, na madirisha yamechanganya mtindo wa Ulaya na wa Kiarabu. Nje kuna kazi ya mchongaji wa Kiswidi Clara Sörnäs ya mwaka 1998: watu watano wamesimama shimoni, minyororo shingoni. Hapo ndipo wageni wengi hutoa kamera zao. Kitu kinachonigusa zaidi kiko ndani, nacho ni msalaba wa mbao. Umetengenezwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa msafiri wa Kiskoti David Livingstone mwaka 1873. Mwongozaji akifika mbele ya msalaba huo humtaja Livingstone kama adui wa biashara ya watumwa, na hakosei. Lakini aliyoyashuhudia yakatikisa London aliyaona Maniema, na jina hilo ni nadra kusikika hapo.

Livingstone alifika Kabambare Septemba 1869, na tangu Julai 1870 hadi Februari 1871 alikwama hapo kwa vidonda vya miguu, akiishi kwa hisani ya wafanyabiashara wa watumwa wale wale ambao kazi yao aliichukia. Karatasi zilimwishia. Aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino uliotokana na mbegu za miti ya huko, wino uliofifia kiasi kwamba shajara yake ya mwaka 1871 ilikuja kusomeka vizuri mwaka 2011, kwa msaada wa picha za mwanga wa aina mbalimbali. Mwisho wa Machi 1871 alikuwa Nyangwe, mji wa soko kando ya Lualaba, si mbali na Kasongo. Tarehe 15 Julai, soko likiwa limejaa, wengi wao wanawake, watu wa wafanyabiashara wa pwani walianza kufyatua bunduki. Waliopigwa risasi na waliozama mtoni walikisiwa na Waarabu wenyewe kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aligeuka, akarudi Ujiji, na mwandishi wa habari Henry Stanley alipomkuta huko mwishoni mwa mwaka huo alizichukua barua zake hadi Uingereza. Barua zilifika kiangazi cha 1872. Kabla mwaka haujaisha, mjumbe wa Uingereza Bartle Frere alikuwa ametumwa Unguja kudai mkataba. Ni kweli kwamba Bunge la Uingereza lilikuwa limekwisha kulichunguza suala hilo mwaka 1871, na siasa za Bahari ya Hindi zilikuwa na uzito wake. Hata hivyo, aliyewapa watu wa kawaida wa Uingereza sura ya mtu wa kumhurumia ni mwanamke wa soko la Nyangwe. Shajara iliyosomwa upya imewafanya wataalamu wajiulize pia kama Livingstone, alipoandika upya habari hizo, hakulainisha mwenendo wa baadhi ya watu wa msafara wake mwenyewe. Shahidi hakuwa malaika. Mauaji yenyewe yalitokea.

Tuangalie sasa kilichofuata. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku kuwasafirisha watumwa baharini na ukafunga masoko ya wazi. Tangazo la Barghash la mwaka 1876 likakataza misafara ya watumwa kutoka bara. Lakini hakuna aliyekataza pembe za ndovu, na bei yake ilikuwa nzuri. Ni katika miaka hiyo hiyo, mnamo 1875, mfanyabiashara wa pembe na watumwa Hamed bin Muhammad el Murjebi, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip, alipoweka makao yake Kasongo. Stanley alipokutana naye katika nchi hiyo Oktoba 1876 alimkuta mtu mwenye mamlaka kuliko sultani yeyote wa jirani. Kasongo ikakua. Mateka ambaye zamani angepelekwa pwani auzwe, sasa alikuwa na faida zaidi akibaki huko huko: alime mpunga na miwa ya kulisha mji, abebe pembe hadi Ujiji na Tabora, au ashikishwe bunduki akawateke wengine. Daktari Sidney Hinde, aliyeingia Kasongo na jeshi la Leopold II, mfalme wa Ubelgiji na mtawala wa Dola Huru ya Kongo, mwaka 1893, aliandika kwa mshangao juu ya mashamba yake, matunda yake, vitanda na samani zake za kuchonga. Utajiri huo haukushuka kutoka mbinguni. Ulijengwa baada ya soko la Mkunazini kufungwa, na kwa sehemu ulijengwa kwa sababu limefungwa, kwani mlango wa bahari ulipozibwa, nguvu za mateka zilitafutiwa matumizi ndani ya nchi.

Atakuwapo wa kusema kwamba Maniema haina dai kubwa Mkunazini, kwa sababu wengi waliouzwa pale walitoka pande za Ziwa Nyasa wakapitia Kilwa. Kauli hiyo ni sahihi. Katika miaka ya 1860 watu wapatao 15,000 hadi 20,000 kwa mwaka walipita Unguja, na sehemu kubwa ilikuwa ya njia ya Kilwa. Lakini tukikubali hivyo, hoja yangu inapata nguvu. Maniema iliumia kwa namna ambayo soko la pwani haliwezi kuionyesha. Mateka wake walisambaa njiani. Ndiyo maana leo utawakuta Wamanyema, yaani watu wa asili ya Maniema, Ujiji, Tabora na Bujumbura, na ndiyo maana Kariakoo, Dar es Salaam, kuna Msikiti wa Manyema. Wazee wa jamaa hizo wengine walikuja kama mateka, wengine kama wapagazi, wengine kama askari wa misafara, na si ajabu mtu mmoja kuwa yote matatu katika maisha yake. Mgeni anayeonyeshwa mnyororo na mti wa kuchapia tu hatamwelewa mtu wa namna hiyo.

Pingamizi lililo zito zaidi ni jingine: kwamba kuyarudia ya Nyangwe na Tippu Tip ni kuipigia Bula Matari, yaani dola ya kikoloni ya Kongo, ngoma yake, kwa sababu Leopold II aliiteka Maniema kwa jina la kuwakomboa watumwa. Woga huo una msingi. Wabelgiji walijaza vitabu vyao habari za Waarabu wakatili na maofisa wao mashujaa, na kwa miongo mingi wakawabana Waislamu wa Kasongo, shule zao zikikosa msaada uliopewa shule za misheni. Dawa yake ni kuieleza habari mpaka mwisho wake. Mfalme huyo huyo alimfanya Tippu Tip gavana wake wa Stanley Falls mwaka 1887, mwaka mmoja kabla Kardinali Lavigerie hajazunguka Paris, London na Brussels akihubiri dhidi ya utumwa. Nyangwe ilipotekwa Machi 1893, Kasongo Aprili, na Kabambare Januari 1894, wengi wa waliopigana upande wa Leopold walikuwa Waafrika wa nchi hizo hizo, wakiwamo watu wa chifu Ngongo Lutete, ambaye maofisa wa Dola Huru walimuua kwa risasi Septemba 1893 baada ya kuwashindia vita. Kisha ikaja kodi ya pembe na mpira. Askari wa Dola hiyo walioasi mwaka 1897 waliiteka Kabambare mwaka uliofuata. Watu waliokombolewa kwa kweli wasingekuwa na sababu ya kuasi. Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki waliofika Kasongo mwanzoni mwa karne ya 20 walihubiri kwa Kiswahili kilicholetwa na misafara, na kanisa lao likawa la jimbo zima katika mji ambao hadi leo ni ngome ya Uislamu nchini Kongo. Huwezi kuieleza Kasongo kwa kumtaja mwovu mmoja na mkombozi mmoja, na naamini Mkunazini nayo haielezeki hivyo.

Labda itasemwa kwamba mgeni mwenye saa chache hawezi kubebeshwa yote haya, na kwamba kanisa ni nyumba ya sala. La pili nalikubali, na ibada ziheshimiwe. La kwanza silikubali, kwa sababu muda huo huo hutumika kuwashusha wageni katika vyumba vya chini vya jengo la jirani na kuwaambia kwamba watumwa walifungiwa humo, ilhali wanahistoria wamelitilia shaka jambo hilo, wakieleza kwamba jengo lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa. Dakika hizo zingetosha kusimama mbele ya msalaba wa Chitambo na kuzitaja Kabambare, Nyangwe na Kasongo pamoja na miaka yake. Zingetosha pia kuwaeleza wageni wa Marekani kwamba pembe zilizobebwa mabegani hadi pwani zilinunuliwa Unguja na mawakala wa makampuni yao, zikapasuliwa Deep River na Ivoryton, katika jimbo la Connecticut, ziwe vibao vya piano. Huenda wengi wao walikulia katika nyumba au makanisa yenye piano za zamani za aina hiyo, na wana haki ya kujua pembe zake zilitoka wapi na ni nani aliyezibeba.