Chombo cha Uhura Kilikuwa na Rangi Gani?

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Likizo iliyopita alipanda mlima wa Kibeta hadi kwangu akiwa amebeba maboksi ya viatu, vipande vya bomba la plastiki, gundi, na picha nne alizochapishiwa mjini. Shule yao ilikuwa inaandaa maonyesho ya sayansi na yeye alikuwa ameamua kutengeneza Enterprise, chombo cha angani cha ile tamthilia ya Kimarekani, Star Trek. Ujenzi aliumudu mwenyewe. Kilichomleta kwangu ni rangi, maana anajua kwamba zamani niliwahi kusaidia mafundi kupaka nyumba.

"Mjomba, tazama," akasema, akizipanga picha mezani. Ya kwanza chombo cheupe. Ya pili cha buluu iliyofifia. Ya tatu kijivu kama saruji. Ya nne, nikiapa sikosei, ilikuwa na ukijani. Chombo ni kilekile, tamthilia ni ileile.

Alikuwa ameshamuuliza mtu mzima mmoja, akajibiwa kwamba hicho ni kitu cha kubuni, hakijawahi kuwepo, basi apake rangi anayoipenda. Jibu hilo lilimuudhi kijana. Nami nilipolala nalo usiku mmoja, likaniudhi pia. Kumbe kitu kikibuniwa hakina historia?

Historia kinayo, tena imeandikwa vizuri. Chombo kilichoonekana kwenye televisheni kuanzia tarehe 8 Septemba 1966 kilikuwa kitu cha kushikika, chenye urefu wa mita 3.4 hivi, cha mbao, plastiki na bati. Mchoraji wake alikuwa Matt Jefferies. Ujenzi ulisimamiwa na Richard Datin katika karakana moja huko Burbank, California, na kikakamilika mwishoni mwa 1964. Baadaye kilipowekewa taa, nyaya zikapitishwa upande wa kushoto, kwa hiyo kamera ikawa inakipiga zaidi upande wa kulia. Upande mmoja ulivaa nguo ya Jumapili, mwingine ukabaki na nguo za shambani.

Sisi Waswahili tuna kahaba ketu ka udugu na chombo hiki, niseme tu kaudugu kadogo. Afisa wa mawasiliano ndani yake, aliyechezwa na Nichelle Nichols, aliitwa Uhura, jina lililotoholewa kutoka neno letu "uhuru". Katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa hewani, anaongea Kiswahili. Tanganyika wakati huo ilikuwa haijatimiza hata miaka mitano ya uhuru wake. Mpwa wangu alilijua hilo kabla yangu, na nadhani ndiyo sababu hakutaka chombo chake kipakwe ovyo.

Basi kwa nini picha zatofautiana? Sababu ya kwanza ni taa. Chombo kilipigwa picha chini ya taa kali za studio, mbele ya pazia la buluu, na ubuluu ule ulirudi ukakaa juu ya mwili wake. Kisha filamu ikanakiliwa tena na tena ili nyota zipachikwe nyuma yake, na kila nakala ikaongeza au ikapunguza kitu. Halafu kuna televisheni za watu majumbani, kila moja na macho yake. Aliyekiona cheupe hakudanganya, na aliyekiona cha buluu naye hakudanganya. Ila hakuna hata mmoja wao aliyeiona rangi iliyokuwa kwenye kopo.

Sababu ya pili inauma zaidi, maana ilitokana na mapenzi. Mwaka 1974 chombo kilitolewa kwa jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington. Tangu mwaka huo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilikarabatiwa mara tatu, na kila mkarabati alikiacha na tabaka lake. Ukarabati wa mwisho kati ya hiyo mitatu ulikoleza vivuli na mistari ya mabati mwilini hadi mashabiki wa zamani wakalalamika kwamba siye yule waliyemjua. Walikuwa na haki. Lakini wakiulizwa yule waliyemjua alikuwaje, nao wanagawanyika: mweupe, buluu, kijivu.

Makumbusho ilipoamua kukirudisha katika hali yake ya enzi za tamthilia, kazi iliyoanza 2014 na kumalizika 2016, haikupiga kura. Ilifanya mambo matatu. Ilikipiga eksirei ione mifupa yake. Iliomba umma picha na filamu za zamani, zile ambazo watu walizipiga wenyewe kabla ya ukarabati. Na ilitafuta mahali ambapo hakuna mkono uliopita baada ya 1969. Mahali hapo palikuwepo: sehemu ya juu ya lile sahani kubwa la mbele. Wakarabati wote waliotangulia walikuwa wamepaacha. Mistari ya penseli iliyochorwa enzi za tamthilia ilikuwa bado ipo. Kwingineko mafundi walikwangua kidogo kidogo kwa msasa, tabaka moja baada ya jingine, kama mtu anayemenya kitunguu. Walichokikuta ni kijivu chenye dalili ya kijani.

Nilipomsimulia mpwa wangu, akacheka. "Kumbe wanachimba kama Katuruka!"

Alikuwa amefika huko na darasa lao. Kwa msiokuwa wenyeji, Katuruka iko upande wa Maruku, si mbali sana na Bukoba mjini. Wazee wa pale walisimulia kwamba mfalme Rugomora Mahe, wa karne ya 17, aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, apate kuona huko kukoje. Mnara ukaanguka. Mahali penyewe paliitwa Kaiija, yaani penye uhunzi. Msomi wa Kimarekani, Peter Schmidt, aliwasikiliza wazee, kisha akachimba pale walipomwonyesha. Alikuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka elfu mbili, ya zamani kuliko mfalme mwenyewe kwa mbali. Mnara hakuukuta. Lakini watu waliolinda simulizi ya mnara walikuwa wamelinda, bila kuandika popote, mahali pa wahunzi.

Nikamwambia kijana: unaona, hata sisi tulikuwa na chombo chetu cha kwenda mbinguni, na kwacho pia aliyepuuza kwa kusema "ni hadithi tu" angekosa jambo la kweli lililokuwa chini yake.

Tukaanza kuchanganya. Dukani hakuna kopo lililoandikwa jina la rangi ile, kwa hiyo tulinunua nyeupe, nyeusi na njano, rangi ya maji. Nyeusi ukiipeleka kwenye nyeupe unapata kijivu, na kijivu hicho ukikitia njano kidogo mno kinaanza kuelekea kijani. Nasema kidogo mno, maana tone la ziada lilitupa rangi ya uji wa mtama na tukaanza upya. Tulipaka kila mchanganyiko kwenye kipande cha boksi, tukaacha ikauke, kwa kuwa rangi mbichi hukudanganya. Kisha tukatazama nje. Chini ya migomba kila kitu kilikuwa kijani, hata shati langu jeupe. Ndani, chini ya balbu, kila kitu kilikuwa buluu. Ilibidi tungojee wingu jepesi, tusimame katikati ya uwanja, mbali na migomba na ukuta. Jaribio la saba ndilo tulilolichukua.

Tukiwa tunaosha brashi, akauliza, bila ubaya wowote: "Mjomba, kwani lile sanduku la babu lilikuwa rangi gani?"

Sanduku hilo la mbao lipo chumbani kwangu. Marehemu baba alilichonga mwenyewe na kuandika jina lake juu ya kifuniko kwa mkono. Mwaka mmoja baada ya kumzika, nililipaka kahawia inayong'aa, kifuniko kizima, jina na yote. Nilifanya kwa heshima. Dada zangu hawakusema kitu, ila hakuna aliyelisifia. Na pale uwanjani, brashi mkononi, sikuweza kumjibu mtoto. Mimi niliyekuwa nimeketi siku nne nikiwahukumu wakarabati wa Washington.

Tulichukua bisibisi, tukafungua bawaba moja. Chini yake, katika eneo dogo kama ukucha wa kidole gumba, brashi yangu haikuwa imefika. Ilikuwa kijani ya majani makavu, ileile iliyobaki kwenye madirisha ya nyumba ya zamani. Bila shaka alitumia masalio ya kopo moja.

Kifuniko sijakigusa bado. Nimenunua msasa laini na ninajaribu kwanza pembeni, polepole, maana jina liko katikati ya tabaka hizo mbili na ukiharakisha unalifuta kabisa.

Mpwa wangu alipeleka chombo chake kwenye maonyesho. Hakushinda, alishinda mtoto wa pampu ya maji, na ilistahili. Lakini chini ya kitako cha chombo aliandika kwa kalamu ya wino: nyeupe vijiko ishirini, nyeusi kijiko kimoja na nusu, njano matone tisa, na tarehe. Nikamuuliza anamwandikia nani. Akasema, "Atakayekipaka tena."