Mchezo wa Zau na Historia ya Neno "Wabantu"

Nilimjua strzyga kabla ya kumjua Ryangombe. Si jambo la kujivunia kwa mwanafunzi wa historia aliyezaliwa Kigali, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa sekondari pale binamu yangu aliporudi kutoka Goma na kompyuta yenye mchezo wa The Witcher 3: Wild Hunt, na likizo nzima tulikesha tukimsaidia Geralt kuwinda majini wa misitu, maiti wa mitoni na wale wanawake wa mashambani wanaowaadhibu watu wafanyao kazi jua la utosi. Strzyga ni msichana aliyekufa akarudi na meno. Mchana hulala kaburini, usiku hutoka kuua. Nilijua namna ya kumshinda. Wakati huo hakuna mtu aliyekuwa amenieleza kwamba Ryangombe, mwindaji mkuu wa simulizi za kwetu, aliuawa na nyati, akafia kwenye mti wa umuko.

Historia ya mchezo ule inajulikana vizuri, na nitaipitia haraka. Poland iliondolewa kwenye ramani mwaka 1795, ikagawanywa na majirani zake watatu, na haikurudi kuwa dola mpaka 1918. Katika kipindi hicho wasomi wake walikwenda vijijini kuandika hadithi za wakulima. Mmoja wao, Roman Zmorski, aliandika ile ya strzyga. Desemba 1986 mwandishi Andrzej Sapkowski aliichukua hadithi hiyo, akamtia ndani muuaji wa mazimwi anayelipwa kwa kazi yake, akaichapisha katika jarida la Fantastyka. Kampuni ya CD Projekt iliyoanzishwa Warsaw mwaka 1994 ikaifanya michezo mitatu: 2007, 2011 na 2015. Nakala za mchezo wa tatu zilizouzwa zilikuwa zimepita milioni 50 ilipofika mwaka 2023. Kwa hiyo hadithi iliyookotwa kwa wakulima wasiokuwa na nchi ilinifikia mimi Nyamirambo, juu ya kitanda cha binamu yangu.

Swali langu halikuwa gumu: je, sisi tunao wetu? Jibu lililo karibu zaidi lilitoka tarehe 23 Aprili 2024, nalo ni Tales of Kenzera: ZAU. Aliyeubuni ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wachezaji wengi wanaijua sauti yake kama ya Bayek katika Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Salim alifiwa na baba yake, naye ameeleza hadharani kwamba mchezo huu ulitokana na msiba huo na hadithi alizosimuliwa na marehemu. Ndani yake kijana Zuberi anaachiwa kitabu na baba yake aliyekufa. Kitabu hicho kinamhusu Zau, mganga kijana anayevaa vinyago viwili, cha Jua na cha Mwezi, na anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti: nitakuletea roho kuu tatu, wewe unirudishie baba yangu. Ni mchezo wa kupigana na kuruka zaidi kuliko ule wa Poland, na ni mfupi mno ukilinganisha nao. Ila unaweza kuuchagua wote uzungumze Kiswahili, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nilipoufungua sebuleni kwa bibi yangu mwaka jana, aliniuliza ni kitu gani. Nikamjibu kama matangazo yanavyosema: "Bibi, ni hadithi za Wabantu."

Alinyamaza. Kisha akasema, "Wabantu? Nani kawarudisha hao? Punguza sauti, mjukuu wangu, dirisha liko wazi."

Insha hii ni jaribio la kuelewa kwa nini bibi aliliangalia dirisha.

Katika Kinyarwanda, abantu ni watu, basi. Ukisema "abantu bari mu isoko" umesema watu wako sokoni, na hakuna atakayegeuka. Neno hilo lilifanywa jina la kitaalamu na Wilhelm Bleek, Mjerumani wa isimu aliyefika Natal mwaka 1855, na lilienea kupitia kitabu chake cha sarufi linganishi cha mwaka 1862. Bleek aliona kwamba lugha nyingi za kusini mwa Afrika zina neno la mtu lenye shina -ntu, akazikusanya chini ya jina hilo. Lilikuwa jina la lugha, na kama jina la lugha halina kosa. Bibi na mimi tunaweza kulithibitisha bila kwenda chuoni: mzimu wa Kiswahili ni umuzimu wa Kinyarwanda, na kuzimu ni ikuzimu. Mganga wa pwani ni nganga wa Kongo, na katika zahanati za Kigali leo muganga ni daktari mwenye koti jeupe. (Kwa Kiingereza Zau anaitwa "shaman", neno lililotoka Siberia na kupitia kwa Warusi. Nililipata hilo kwenye kamusi, nikacheka peke yangu maktabani.)

Lakini jina la lugha halikukaa kwenye lugha. Mwaka 1863, mwaka mmoja baada ya sarufi ya Bleek, John Hanning Speke alichapisha safari yake ya chanzo cha Nile na kudai kwamba watawala wa nchi za maziwa walitoka upande wa Ethiopia. Speke hakukanyaga Rwanda. Hata hivyo waliokuja baada yake, maofisa wa Kijerumani, kisha Wabelgiji, na wamisionari kati yao, walikuja na nadharia hiyo mfukoni: Watutsi ni Wahamiti, wageni waliozaliwa kutawala; Wahutu ni Wabantu, waliozaliwa kulima. Kwamba wote walizungumza lugha moja, na lugha yenyewe ni ya Kibantu kwa kipimo cha Bleek mwenyewe, halikuwasumbua. Miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika kabila katika kitambulisho cha kila mtu. Bibi yangu alikuwa nacho kimoja. Na mnamo Novemba 1992, pale Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera aliuambia umati kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994, wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, Nyabarongo ulibeba maiti. Nadharia ya mtafiti wa mto Nile ilikuwa imerudi mtoni.

Ndiyo maana dirisha.

Sasa turudi kwenye mchezo, kwa sababu nilipozichunguza zile roho kuu tatu nilikuta jambo ambalo sikulitarajia. Ya kwanza, Impundulu, ndege wa radi, ni ya Waxhosa, Wazulu na majirani zao. Hapo jina "Kibantu" linakaa sawa. Kikiyaon linatoka Afrika Magharibi, upande wa Senegali na Gambia, mbali na lugha za Kibantu. Na GaGorib ni wa Wakhoikhoi. Katika simulizi yao ni yule anayeketi ukingoni mwa shimo na kuwachokoza wapita njia wamrushie jiwe; jiwe humrudia aliyelirusha, akaanguka shimoni, mpaka alipokuja Heitsi-eibib na kumshinda kwa hila. Wakhoikhoi hawasemi lugha ya Kibantu. Na aliyechapisha simulizi hiyo kwa wasomaji wa Ulaya, mwaka 1864, katika mkusanyo ambao sehemu kubwa alipelekewa na mmisionari Krönlein, ni nani? Ni Bleek yuleyule. Aliyetupa jina "Bantu" alimweka GaGorib nje ya jina hilo kwa makusudi.

Kuna zaidi. Mwaka 1912 Carl Meinhof, mrithi mkubwa wa Bleek katika isimu ya Afrika, aliandika kitabu juu ya lugha za Wahamiti na ndani yake akaiweka lugha ya Wanama, ambao ni Wakhoikhoi. Maana yake, kwenye rafu za wataalamu wa kikoloni GaGorib aliwekwa upande uleule walikowekwa Watutsi: upande wa Wahamiti, dhidi ya Wabantu. Wanaisimu wa leo wameitupa nadharia ya Meinhof. Salim, bila shaka hakuwa akimfikiria Meinhof hata kidogo, alimchukua GaGorib akamweka pamoja na Impundulu, akaandika juu yao wote: hadithi za Kibantu.

Kama mwanafunzi wa historia ni lazima niseme kwamba hilo ni kosa. Mkhoikhoi ana haki ya kutajwa kwa jina lake, hasa kwa kuwa ardhi yake ilichukuliwa na lugha zake nyingi zimekufa. Mwalimu wangu akinipa insha inayosema GaGorib ni Mbantu, nitaitia wino mwekundu. Wapoland nao huchanganya: Wild Hunt ni msafara wa mizimu wa Wajerumani na jirani zao, visiwa vya Skellige vina Uairishi na Unorwei ndani yake, na kuna jini wa Kiarabu. Lakini hakuna Mjerumani anayedhulumiwa na mchanganyiko huo. Hapa ni tofauti.

Na bado, nikiwa mjukuu wa bibi, kosa lile lilinipumzisha. Katika mchezo wa Zau neno "Wabantu" halimfukuzi mtu. Mkhoikhoi, Mxhosa na mtu wa Senegali wanaingia chini yake kama wanaoingia chini ya mwavuli wa jirani mvua ikinyesha. Ni neno lililorudi kuwa abantu. Sijui kama nina haki ya kuyapenda mambo yote mawili, wino mwekundu na ule mwavuli.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba sisi tulikuwa na kilicho bora kuliko mwavuli. Kubandwa, ibada ya Ryangombe, ilimpokea Mhutu, Mtutsi na Mtwa. Aliyeingizwa alihesabiwa mtoto wa Ryangombe, na baada ya kufa angekwenda kukaa naye Karisimbi, huku wasioingizwa wakienda kuungua Nyiragongo. Mpaka wa nchi nao haukumzuia: Burundi wanaye Kiranga, na Bushi upande wa Kongo wanamjua Ryangombe kwa jina lake. Mapadri Weupe walipofika Save mwaka 1900 walimwona kuwa shetani. Mfalme Musinga aliyekataa ubatizo aliondolewa mwaka 1931; mwanawe Rudahigwa akabatizwa mwaka 1943, na nchi ikamfuata. Bibi, Mkatoliki aliyeuza vitenge miaka mingi miongoni mwa Waislamu wa Nyamirambo, husema tu kwamba mama yake "alijua mambo ya umuko", kisha hubadilisha mazungumzo. Nimemuuliza mara tatu.

Kuhusu lugha kuna jambo dogo. Kiswahili kiliingia Kigali na askari na wafanyabiashara wa wakati wa Wajerumani, kikabaki Biryogo na Nyamirambo, na kwingineko nchini kiliitwa lugha ya wahuni mpaka watu wakazoea. Mwaka 2017 bunge lilikifanya lugha rasmi. Bibi hakungoja bunge, alikijua sokoni. Kwa hiyo siku ile, baada ya kufunga dirisha, aliketi nyuma yangu akasikiliza. Zau alipomwambia Kalunga anachotaka, bibi alisogeza kiti.

Nilicheza karibu saa mbili. Mwishowe akauliza, "Huyo mtoto alimpata baba yake?"

Nilikuwa nimekwisha kuumaliza mchezo ule kwa binamu. "Hapana, bibi. Alimuaga."

Bibi hajawahi kutuambia baba yake alizikwa wapi. Alikaa kidogo, akaniambia nirudishe mwanzo, pale mwanzo kabisa, kwa sababu kuna maneno hakuyasikia.